Okot p'Bitek: Oxford ilimnyima udaktari, Nairobi ikampa darasa

Wewe ambaye saa hii umekwama kwenye matatu pale Westlands ukielekea Kangemi, simu mkononi, sura ya pili ya tasnifu yako imerudi kutoka kwa msimamizi ikiwa imepakwa rangi nyekundu kila aya: makala haya ni yako. Na hata kama huna tasnifu, lakini kwenu kuna dada, binamu au jirani wa ploti anayesomea uzamifu wa saikolojia ya ushauri nasaha na hajalala vizuri tangu mwaka juzi, soma halafu umtumie.

Nataka nikusimulie maisha ya mzee mmoja aliyefariki 1982, wakati hata wazazi wa baadhi yetu walikuwa bado wanavaa yunifomu. Jina lake unalijua. Okot p'Bitek. Ukisikia jina hilo kichwani mwako kinakuja kitabu kimoja tu, Song of Lawino, na mwalimu wa fasihi akikulazimisha kutaja mbinu za lugha. Sawa. Lakini kuna jambo ambalo huenda mwalimu wako hakukwambia. Huyu bwana alisomea uzamifu Oxford, akaandika tasnifu yake, akaiwasilisha, na 1970 wakaikataa. Hawakumwambia arekebishe marejeleo au abadilishe sura ya tatu. Ilikataliwa. Hakuwahi kuitwa Dkt. Okot kwa kazi ile hadi anaingia kaburini.

Na bado leo kuna watu wanaoitwa daktari kwa sababu walikaa chini wakaandika tasnifu kumhusu yeye. Hebu fikiria hilo kidogo kabla matatu haijasonga.

Twende pole pole. Okot alizaliwa 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu, mtu wa misheni na chaki. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, mwanamke ambaye watu wa kwao walimjua kwa sauti na ngoma. Kwa hivyo nyumba moja ilikuwa na shule mbili. Ukitaka kumwelewa Okot, shika hapo: maisha yake yote alikuwa anauliza ni kwa nini shule ya baba hutoa cheti na shule ya mama haitoi.

Alisoma Gulu, kisha King's College Budo, ile shule ya watoto wa wakubwa karibu na Kampala, halafu akaenda Mbarara kusomea ualimu. 1953, akiwa na miaka 22, riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, ikachapishwa kwa Kiacholi. Iko vipi hiyo hadithi? Kijana anataka kuoa, hana mahari, anakimbilia mjini Kampala kutafuta pesa, anahangaika na vibarua, na kile kidogo alichokusanya anakipoteza akiwa njiani kurudi kwao. Yaani 1953 jamaa alishaandika maisha ya mtu wa Kawangware. Na wachapishaji walikuwa Eagle Press, hapa hapa Nairobi. Jiji hili lilimpokea kabla yeye mwenyewe hajahamia.

Sasa sikia jinsi alivyofika Uingereza. Hakuenda kwa msaada wa masomo mwanzoni. Alienda kwa mguu wa mpira! Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda, na 1956 timu hiyo ikafanya ziara Uingereza. Wachezaji wengi wa Uganda walikuwa wanapiga soka bila viatu, na Waingereza wakaja viwanjani kushangaa. Ziara ilipoisha, Okot hakupanda chombo kurudi. Alibaki kusoma. Kwanza Bristol, akapata cheti cha ualimu. Kisha Aberystwyth kule Wales, akachukua digrii ya sheria. Halafu 1960 akaingia Oxford, kwenye taasisi ya anthropolojia ya jamii iliyoongozwa na Evans-Pritchard, mzungu aliyejipatia jina kubwa kwa kuandika kuhusu Waazande na Wanuer wa Sudan. Mpira, ualimu, sheria, anthropolojia. Mtu akikwambia CV yako haieleweki, mwonyeshe hii.

Oxford ndipo moto ulipowaka. Okot mwenyewe alikuja kueleza baadaye, kwenye utangulizi wa kitabu chake, kwamba katika mhadhara wa kwanza kabisa mwalimu alikuwa anawaita Waafrika washenzi, watu wa kale, makabila, na majina mengine ya aina hiyo, kama kwamba anataja majina ya mimea. Okot akapinga. Haikusaidia kitu. Akaja kugundua kwamba si mwalimu mmoja. Wahadhiri wote na hata wageni waliokuja kuzungumza walikuwa na msamiati ule ule. Na yeye amekaa hapo mstari wa mbele, mtoto wa Lacwaa, anaandika noti.

Ungefanya nini? Wengi wetu tungenyamaza tuchukue karatasi twende. Si aibu, karo imelipwa. Yeye alibaki, akamaliza shahada ya B.Litt. 1963 kwa kazi kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, kisha akaendelea na uzamifu kuhusu dini ya watu hao hao. Alichagua kupigana akiwa ndani ya nyumba.

Hoja yake ilikuwa ipi hasa? Hapa ndipo nakuomba wewe wa ushauri nasaha uweke simu karibu na macho, kwa sababu ni mambo yako.

Okot alisema kwamba wasomi wa Magharibi, na wamisionari kabla yao, hawakuja Afrika kusikiliza. Walikuja na maswali yaliyokuwa tayari na majibu. Mfano aliousimulia ni huu. Mwaka 1911 mapadri Wakatoliki kutoka Italia waliwakalisha wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Tatizo ni kwamba lugha ile haikuwa na neno linalosimama peke yake kwa maana ya kuumba kutoka kwenye utupu. Kwa hivyo swali likageuzwa, likawa ni nani aliyewafinyanga, kama chungu. Wazee wakashangaa. Binadamu hafinyangwi, anazaliwa na mama yake. Wakajibu kwamba hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakasisitiza lazima pawe na jibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha akapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mwili ukapinda, akawa na kibyongo, kama mtu aliyefinyangwa upya. Na pepo mbaya anayeleta ugonjwa huo anaitwa Rubanga. Basi mzee akasema Rubanga ndiye hufinyanga watu. Mapadri wakafurahi, wakaandika. Kuanzia siku hiyo Waacholi wakahubiriwa kwamba Rubanga, yule yule wa kibyongo, ndiye Baba wa mbinguni.

Soma tena hiyo aya kama unafanya kazi ya kusikiliza watu.

Kwa sababu, tuseme ukweli, swali la namna hiyo bado linaulizwa kila siku Nairobi hii. Mama anatoka Kawangware anakuja kwenye kliniki, anasema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, marehemu mama mkwe anamjia usiku. Wewe una fomu iliyotengenezwa kwingine. Unamuuliza swali lisilo na mzizi kwenye lugha anayoota nayo. Anasema hajui. Fomu haina kisanduku cha sijui. Unasisitiza. Mwishowe anakupa jibu lolote ili arudi nyumbani apike, na wewe unaliandika kwenye sura ya nne kama matokeo. Rubanga amezaliwa upya, safari hii kwenye jedwali.

Na usidhani historia hii ni ya dini na Gulu pekee. Taaluma yako ina yake, na iko njiani ukielekea Muthaiga. Daktari Mwingereza, J.C. Carothers, alipewa kuisimamia Hospitali ya Mathari 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili, akakaa hapo hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai ndani yake kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa sehemu hiyo. 1954 serikali ya kikoloni ikatoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyowafanya watu waliodai ardhi yao waonekane wagonjwa. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alimshughulikia vilivyo katika kitabu chake cha 1961. Okot alikuwa anapigana vita hivyo hivyo kwa upande wa dini, Oxford.

Lakini wazungu hawakuwa peke yao kwenye orodha yake. Hapa ndipo Okot alipowaudhi hata ndugu zake. Alidai kwamba wasomi Waafrika kama John Mbiti, Jomo Kenyatta na Léopold Senghor nao walikosea, kwa sababu katika hamu ya kuthibitisha kwamba Waafrika si washenzi, walichukua miungu ya Kiafrika wakaivisha kanzu za Kigiriki na za Kikristo, wakaipa sifa za kujua yote na kuweza yote, kisha wakaitembeza mbele ya wazungu waione. Kwa Okot, hiyo ilikuwa magendo. Waacholi, alisema, hawakuwa na Mungu mmoja mkubwa wa aina hiyo, walikuwa na majok, nguvu mbalimbali zilizoeleza magonjwa na mikosi, na ajwaka, mganga aliyeuliza familia nzima ni nini kimeharibika. Na hawakuhitaji kuomba radhi kwa hilo.

Mimi naona alizidisha kwa Mbiti. Mtu amehangaika Cambridge hadi akapata uzamifu wake 1963, akakusanya mambo ya watu wengi barani, halafu unamwita mfanya magendo? Kenyatta naye alikuwa na vita vyake vya ardhi alipoandika. Ila swali la Okot linabaki palepale hata ukiona hasira yake ilipita kiasi: unamwandikia nani? Yule uliyemhoji, au yule atakayekupa alama?

Turudi kwenye maisha. Aliporudi Uganda alifanya kazi Gulu akiwa mkufunzi wa masomo ya nje ya chuo wa Makerere, na huko akaanzisha tamasha la sanaa. 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikachapisha Song of Lawino. Ofisi zao zilikuwa Uniafric House, Koinange Street. Ndiyo, Koinange ile ile. Alikuwa ameutunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akauhamisha kwa Kiingereza yeye mwenyewe, na mshairi Taban lo Liyong hakuchoka kulalamika kwamba uzito mwingi ulibaki kwenye Kiacholi. Baadaye Paul Sozigwa akautia kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino, 1975.

Ikiwa ulikariri tu kwa ajili ya mtihani, sikiliza tena kinachosemwa mle. Mke wa kijijini analalamika juu ya mume wake Ocol, msomi wa Makerere, aliyerudi na vitabu na dharau. Amemwacha, ameshikana na mwanamke wa kisasa, anaona aibu kwa chakula cha kwao, ngoma ya kwao, hata mama yake mzazi. Watu husema ni shairi la kutetea mila. Mimi nasoma kitu kingine. Nasoma mtu aliyekuwa anaandika tasnifu, anayejua anaweza kuwa Ocol siku yoyote, na anampa kipaza sauti mtu ambaye Ocol hataki kumsikiliza. Kama kuna kitabu cha ushauri wa ndoa kilichoandikwa Afrika Mashariki, ni hicho, na mteja ndiye anayezungumza kutoka ukurasa wa kwanza. Hakuna anayemkatiza. Ocol alijibu miaka minne baadaye, Song of Ocol, 1970, na ukweli ni kwamba alionekana mgonjwa zaidi ya mkewe.

Mwaka huo wa Lawino Okot alipewa kuongoza jumba la kitaifa la utamaduni na maigizo Kampala. Hakudumu. Alienda Zambia, akazungumza maneno ya kuikosoa serikali ya Uganda, na kazi ikaota mbawa. Akavuka mpaka kuja Kenya. Kituo cha kwanza kilikuwa Kisumu, akifanya kazi ya masomo ya nje kwa niaba ya chuo cha Nairobi, na kama kawaida yake akaanzisha tamasha jingine huko 1968. Mtu amefutwa kazi, ana familia, yuko ugenini, na jambo la kwanza analofanya ni kuita watu wacheze ngoma.

Kisha ikaja 1970, na jibu la Oxford.

Sitakuuzia hadithi rahisi hapa. Tasnifu hukataliwa kwa sababu nyingi, na si kila aliyekataliwa ni shujaa. Wapo waliokataliwa kwa kuwa hawakusoma. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu karo ilinishinda, hakuna shairi lolote lililotoka hapo, nilianza tu kuandikia mitandao ili nilipe nyumba Uthiru. Kwa hivyo sikwambii uache. Ninachokuonyesha ni alichofanya na zile karatasi.

Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini. Alikuwa ametumia takriban miaka kumi kwenye jambo hilo, tangu ile 1960. Mwaka ule ule wa kukataliwa kikatoka kitabu chake African Religions in Western Scholarship, ambamo aliwataja walimu wake na nadharia zao bila kupunguza sauti. Na 1971 East African Literature Bureau ikatoa Religion of the Central Luo, kitabu kuhusu dini ile ile aliyokuwa ameifanyia utafiti. Yaani kile ambacho watahini walifunga mlango, msomaji wa Afrika Mashariki alikipata dukani. Ukipita Chuo Kikuu cha Nairobi leo utavikuta vitabu hivyo vinatajwa kwenye marejeleo ya watu wanaotafuta cheo alichonyimwa mwandishi wake.

1971 ndipo Nairobi ikamchukua rasmi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kipya kwa jina hilo, kimetoka tu kujitenga na kile chuo kikuu cha Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, na kilikuwa kimeanzisha Taasisi ya Taaluma za Kiafrika chini ya mwanahistoria Bethwell Ogot. Okot akapewa nafasi huko ya utafiti na kufundisha. Unajua pale ninaposema: University Way, kituo cha polisi cha Central upande mmoja, Norfolk upande wa pili, wanafunzi na wachuuzi wa kutoa nakala katikati. Miaka michache kabla, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wametaka Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, ikae katikati. Okot alikuta mlango umeshaanza kusukumwa. Mtoto wa Lacwaa mwimbaji akaingia darasani kufundisha kwamba nyimbo za mama yake ni maktaba.

Kwa nini Idi Amin asitajwe? Januari 1971 alipindua serikali Kampala, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa kwa miaka minane. Kwa hivyo Nairobi haikuwa tu kazi. Ilikuwa kimbilio. Mwenzangu, ukiona Mganda, Mkongo, Msomali au Msudani Kusini anauza kitu Kawangware au Eastleigh, kumbuka kwamba mmoja wa wakimbizi wa jiji hili alikuwa anatufundishia watoto chuoni.

Na alifanya kazi, si utani. 1971 akatoa Two Songs, kitabu chenye Song of Prisoner na Song of Malaya. Wimbo wa mfungwa ni sauti ya mtu aliyepigwa, amefungwa selo, mara anajigamba, mara analia kwa ajili ya watoto wake, mara anachanganyikiwa hujui kama aliua au anaota. Wachambuzi wameuhusisha na kuuawa kwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Julai 1969 nje ya duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Wewe unayesomea kiwewe, isome hiyo kabla hujasoma mwongozo mwingine wowote. Kuhusu Song of Malaya, aliwapa maneno wanawake ambao viongozi wa dini na wanasiasa walikuwa wanawalaani mchana na kuwatafuta usiku. Kikachapishwa na wale wale wa Koinange Street. Sijui nani alicheka zaidi, yeye au mchapishaji. Na 1972 kitabu hicho kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la Kenyatta, yule aliyemkosoa.

1973 kikaja Africa's Cultural Revolution, makala zake, utangulizi ukiwa wa Ngũgĩ. 1974 Horn of My Love, nyimbo za Waacholi zikiwa kwa lugha yao na tafsiri kando, za mapenzi, za vita, za msiba. 1978 Hare and Hornbill, hadithi za wanyama. Ukiangalia orodha hiyo utaona kitu: mtu ambaye aliambiwa utafiti wake hautoshi hakubadilisha mada. Aliendelea kuchimba shimo lile lile, ila alibadilisha aliyekuwa anamwonyesha mchanga.

Si kwamba maisha yalikuwa laini. Walioishi naye wamesimulia mtu wa vicheko, bia na mabishano ya hadi usiku, na si kila mara hayo ni dalili ya furaha, wewe ndiye unayesomea hayo unajua zaidi. Uhamisho unakula mtu pole pole. Na wanawake wana maswali yao halali kwake: Lawino anasifiwa kwa kutetea mila zinazompa mume wake ruhusa ya kuoa tena, na aliyeandika ni mwanamume. Siwezi kulifunika hilo kwa sababu nampenda.

1978 aliondoka Nairobi, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Mwaka uliofuata Amin akaanguka, na Okot akarudi Makerere. Na huko, mtu asiye na uzamifu, akapewa uprofesa wa uandishi wa kubuni, 1982. Miezi michache tu baadaye, Julai mwaka huo huo, akafariki Kampala. Alikuwa na miaka 51.

Hapa Nairobi mambo ya kusikiliza watu yalikuja kuwa taaluma baada yake. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie na kuua zaidi ya watu 200, wengi kwa mara ya kwanza walisikia neno ushauri nasaha likitangazwa redioni kama jambo la kumhusu mtu wa kawaida. Mwaka 2014 Bunge likatunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na sasa kuna bodi, usajili na leseni. Ni vizuri. Mtu hafai kuchezea akili za wengine bila kukaguliwa, tuliona ya Carothers. Lakini leseni inakuuliza umesoma nini na wapi, haikuulizi kama yule mama wa Kawangware angejitambua akisomewa tasnifu yako kwa lugha yake.

Okot alijaribu kuifanya hivyo, akaanguka mtihani. Wewe una nafasi ambayo yeye hakuwa nayo: msimamizi wako huenda alizaliwa Kakamega au Nyeri, anajua ajwaka ni nani kwa jina la kwao, na akichora nyekundu kwenye sura yako ya pili anaweza kuwa anakuuliza swali lile lile la Okot kwa lugha ya marejeleo. Muulize. Mnunulie chai hapo mjini umuulize. Ikiwa nadharia zote tano ulizotaja zimetoka Vienna na Chicago, anaweza kuwa anasubiri tu uthubutu.

Ah, na jambo la mwisho, nililipenda sana nilipolijua. Okot aliacha watoto kadhaa. Mmoja wao ni Juliane Okot Bitek, aliyezaliwa Kenya wazazi wake wakiwa uhamishoni. Yeye pia ni mshairi, anaishi Kanada, na 2016 alichapisha 100 Days, mashairi mia moja kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Alisomea uzamifu Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Walimpa.